Mpwa wa Kuazima

Jumatatu, 4 Machi
Ijumaa kila mwanafunzi wa saikolojia alete video mbili za familia yenye mtoto wa ADHD, yaani mwenye shida ya kutulia na kumakinika: moja kabla ya kumsaidia mzazi, nyingine baada ya wiki mbili. Bila video hakuna cheti. Wiki mbili zilianza lini? Wiki mbili zilizopita! Mimi nilikuwa nachagua mapazia ya ofisi yangu ya baadaye. Bi Kalamu, mwenzangu anayeandika kwa rangi nne, ana familia tatu. Kaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nataka kuazima moja. Nimemjibu ninazo tele.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Binti wa dada yangu, miaka minane, mpole kuliko ukoo mzima. Tunamwita Kimya. Video ya kwanza aruke-ruke, ya pili akae alivyo. Muujiza, na fundi ni mimi! Dada kakubali, hana nguvu za kubisha. Jumatatu ijayo ameitwa shuleni. Mwalimu anasema mtoto ni mzembe, madaftari yanapotea, kazi hamalizi, huenda akarudia darasa. Dada kamgombeza mpaka sauti imekauka, sasa anajilaumu kwamba hajui kulea. Nikamwambia atulie, tupige video kwanza.

Jumatano, 6 Machi
Maagizo matatu: panda kiti, rusha mto, kimbilia mlangoni. Akapanda kiti. Akabaki huko akitazama mjusi ukutani. Nikarudia. Akauliza mto ufanyweje. Nikamwandikia, karatasi ikapotea pamoja na kiatu chake kimoja. Nikaruka mwenyewe kumwonyesha, nikavunja meza ya dada. Jioni akaruka kidogo, kwa kunionea huruma. Video ya pili mteremko: dakika ishirini tuli mbele ya hesabu. Hakuandika hata moja, lakini utulivu ulioje!

Ijumaa, 8 Machi
Nimeumbuka! Mkufunzi, mama wa makamo aliyekaa na watoto miaka ishirini, kauliza mbona wiki mbili zimepita na mtoto bado ana kiatu kimoja, mguu uleule. Bi Kalamu kacheka mpaka kadondosha kalamu ya kijani. Nikakiri yote.

Mkufunzi hakucheka. Akarudia video ya pili, akauliza shuleni anaendeleaje. Nikamweleza habari za madaftari. Akasema si kila mtoto mwenye ADHD huruka. Wengine, hasa wasichana, hutulia huku akili inazurura, na kwa kuwa hawasumbui mtu, huitwa wavivu. Video haitoshi kuthibitisha. Aletwe, apimwe vizuri. Nimemtania yule mtoto miaka yote bila kumwona. Nimeona aibu ya kweli.

Jumatatu, 11 Machi
Tumekwenda kwa mkufunzi, mimi, dada na Kimya. Saa mbili za maswali. Uchunguzi unaendelea, lakini mkufunzi kamwambia dada kwamba kosa si malezi yake, na mtoto si mzembe. Kamfundisha kutoa agizo moja kwa wakati mmoja, na kumsifu kwa kutaja hasa alichofanya. Kaandika barua, dada kaipeleka shuleni alikoitwa, nao wamekubali kusubiri, hakuna kurudia darasa kwa sasa. Kimya akauliza kama basi hatagombezwa tena kwa ajili ya daftari. Dada akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nikatoka nje kufuta miwani. Mzigo umetua, jamani!

Nami nimesamehewa: nimepewa wiki mbili nyingine na namba ya simu ya familia ya kweli. Wiki mbili! Muda wa kumwaga.

Jumapili, 24 Machi
Dada kapiga simu. Kimya kamaliza hesabu tano, moja baada ya nyingine. Tatu kapata! Nimefurahi hadi nikakumbuka kwamba ile familia sijaipigia, na video ni kesho.

Si kitu. Jirani ana mapacha wanaofanana kabisa. Mmoja atakuwa kabla, mwingine baada. Na safari hii sirudii kosa: nimekagua mwenyewe, kila mmoja ana viatu viwili.