Droo Moja, Munyao Mmoja

Wananchi wa Kibwezi walitangaziwa kwa vipaza sauti, kwaya na mbuzi wa kuchoma kwamba msongamano wa majina hospitalini umekomeshwa. Aliyeukomesha, kwa amri, alikuwa Mkurugenzi wa Utambuzi wa Wagonjwa, Bwana Evanson Munyao.

Nzisa, fundi wa kompyuta, alikuwa amejaribu kumweleza.

"Bosi, kwa hii programu kila jina ni droo. Na sisi Wakamba mtoto anapewa jina la babu ama nyanya. Ndani ya droo tuweke orodha, wakae wote. Bila orodha, ukiingiza Kavindu mpya, yule wa zamani anafutika."

"Orodha ndani ya droo?" Mkurugenzi alishtuka. "Hapo ndipo ufisadi huanzia. Droo moja, mtu mmoja. Andika!"

Nzisa akaandika. Idara hii, kwa tunaokumbuka, ndiyo iliyotujengea tangi la maji ikasahau bomba. Kwa hiyo iliaminika.

Wiki hiyohiyo nyanya Kavindu alifika dirishani kuchukua dawa ya presha. Mkurugenzi alimhudumia mwenyewe, maana mpiga picha alikuwepo.

"Kavindu," alisoma kwenye skrini. "Miaka minne. Chekechea. Mwaitu, usitembee peke yako. Njoo na mzazi."

"Huyo ni mjukuu wangu! Mzazi wangu tulimzika Tawa kitambo."

"Basi atume mwakilishi."

"Munyao, kichwa kinanigonga. Vidonge viliisha Jumapili."

"Mtoto hapewi dawa ya presha. Ni hatari." Akampa peremende, kama kanuni za watoto zinavyoelekeza. Kavindu akaifunga kwenye pindo la leso.

Siku chache baadaye Mkurugenzi alipata mjukuu wa kiume. Mtoto aliitwa Munyao, akasajiliwa. Asubuhi iliyofuata mlango wa ofisi, unaofunguliwa kwa alama ya kidole na mfumo huohuo, ulikataa kidole cha babu yake.

"Mfumo uko sawa," Nzisa alisema. "Mkurugenzi ni Munyao. Nikifungua droo ya Munyao, namkuta Munyao. Kilo tatu na nusu."

"Munyao ni mimi!"

"Droo moja, mtu mmoja, bosi... samahani, mzee."

Ofisi yenye nidhamu haina upendeleo. Mama mtoto alipomleta kwa chanjo, askari alipiga saluti, akawafungulia. Mkurugenzi mpya akalazwa kwenye kiti cha kuzunguka.

Kavindu, aliyekuwa kwenye benchi tangu alfajiri, aliinuka akishika ukuta.

"Nzisa, mwanangu, muulize mkubwa wako kama orodha itaingia kwa droo."

Nzisa aliinama kwa heshima. "Mkurugenzi, tuweke?"

Mkurugenzi akacheua.

"Amepitisha," Kavindu alisema.

Nzisa akaweka orodha ndani ya kila droo, akaanza kuwarudisha waliofutwa kwa kadi zao za zamani, kila mmoja nyuma ya mwenzake bila kumfukuza. Alipofungua droo ya Kavindu, mtoto alikuwepo, na nyanya pia, pamoja na presha yake. Nyanya akapewa kidonge, akakimeza palepale.

"Na mimi, haraka!" Munyao mkubwa alihema.

"Utakaa nyuma ya mjukuu. Umri?"

"Hamsini na minane."

"Bado?" Kavindu aliangua kicheko. "Ulikuwa hamsini na minane wakati wa lile tangi! Na hiyo 'mwaitu' yako uikome, mimi si mama yako; tulianza darasa la kwanza pamoja huko Kikima. Mwandikie sitini na sita, kama mimi."

Nzisa aliandika. Mfumo ukatafakari, ukajibu: Mstaafu.

Mzee akabaki ameshikilia dirisha. "Sasa nifanye nini?"

Kavindu alifungua pindo la leso, akamwekea peremende kiganjani.

"Njoo na mzazi."