Mkono Utokao Ukutani

Jumatatu, 4 Novemba 1946

Hatimaye filamu! Nyumba yenye mizuka, ya kuchekesha, studio ya nje kidogo ya London. Na mimi, Horace Quennell, baada ya miaka yote ile jukwaani, nimepewa kuwa mkono. Ndiyo, mkono. Kengele inalia, mkono unatoka ukutani, unanyakua bilauri ya mvinyo ya bibi kizee, unarudi. Basi. Uso wangu unabaki nyuma ya mbao ukiharibika bure.

Basil Thripp, asiyejua hata kusimama, kavikwa vazi la chuma. Lakini yeye kuna mahali anafunua kofia ya chuma na kuonekana. Uso wenyewe wa kondoo! Kaniuliza kama nimekata kucha. Mpumbavu.

Bi Ludlam, mwenye nyumba yangu, nimemwambia mimi ndiye mzuka mkuu. Kanipa yai la wiki palepale, akamnyima Crabbe, muuza brashi wa chumba cha juu. Mayai siku hizi ya mgawo. Crabbe alikaribia kulia. Bi Ludlam akauliza kama nimeonana na wifi yake, anafanya kazi hukohuko studio. Nikamjibu sisi nyota hatuchanganyiki na watumishi.

Jumanne, 5 Novemba

Fataki za sherehe ya kila mwaka mitaani, kelele tupu. Lakini nimepata wazo. Tundu la mkono likipanuliwa, kichwa kitapita. Uso huu ukishanaswa na kamera, nani atathubutu kuukata?

Nimeazima kisu cha mkate cha Bi Ludlam, bila kumsumbua kwa kumuuliza. Nimekwangua mchana kutwa. Seremala akauliza kunani huko nyuma. Nikasema panya. Thripp akasema panya huyo anakohoa kama mtu anayemjua.

Jumatano, 6 Novemba

Siku yangu! Nilisimama gizani, nasubiri ishara. Kengele ikalia. Nikatoa mkono, kisha kichwa chote, nikapiga ukelele wa kugandisha damu. Taa zilinipofusha, sikuona mtu. Kimya. Nikajua wameshikwa na mshangao. Nikaongeza kicheko cha kishetani, halafu kilio. Sijawahi kuigiza vizuri namna ile.

Mwanamke mmoja mnene akatokea na toroli.

"Wameenda chai, mwanangu," akasema. "Hukusikia kengele? Wewe unakunywa na sukari?"

Kengele ya chai! Kamera imezimwa, hakuna mtu. Nikataka kurudisha kichwa, kikakwama masikioni. Akawaita maseremala. Wakaja, wakanitazama, wakasema chai ni haki yao, msumeno baadaye. Thripp akavuta kiti, akala skonzi mbele ya pua yangu, taratibu, akichagua zabibu moja moja. Yule mwanamke alininywesha chai kwa kijiko, huku akinihoji jina langu na ninapoishi. Nikamjibu. Mtu aliyekwama hachagui mazungumzo.

Alhamisi, 7 Novemba

Masikio yamechubuka. Mwongozaji Hartnoll kaniita. Nikajiandaa kusamehe. Akasema tundu lile limempa wazo zuri mno, kichwa kitokee palepale.

Kichwa cha Thripp.

Nikamweleza kwamba tundu nimelichonga mimi, kwa kipimo cha kichwa changu. Akasema ndiyo maana limemkaa Thripp vizuri, tena halimbani. Asiyejua maana haambiwi maana.

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi nimekaa mezani, kijiko mkononi. Yai likapita mbele yangu, likaenda kwa Crabbe. Nikauliza kulikoni.

"Doris wa toroli la chai ni wifi yangu," akasema Bi Ludlam. "Kumbe wewe ni mkono tu, Bwana Quennell. Na mkono hauli yai."

Crabbe akaligonga yai polepole, akinitazama. Nimekula mkate mkavu, tena umeraruliwa kwa vidole, maana kisu hakionekani. Bi Ludlam anamshuku Crabbe. Sikuona sababu ya kuingilia.

Jumamosi, 9 Novemba

Nyota yangu imeng'aa! Hartnoll anaanza filamu nyingine Jumatatu, mizuka tena, na Thripp hayumo. Mimi nimo. Mguu unaoning'inia kutoka dohani, bomba la moshi la jikoni.

Nimeichunguza dohani yenyewe. Ya mbao na plasta, na shingo yake ni nyembamba kidogo kwa mabega ya mwanamume. Si neno. Msumeno wa maseremala uko chini ya kitanda changu.

Nimemwarifu Bi Ludlam kwamba safari hii ni mimi mzima, kichwa hadi kidole. Na yai la wiki ijayo nalitaka la kuchemsha, kiini kisikauke.