Kijana Wako Amempeleka Binti Yangu Mji Wenye Watu Wachache

Kitengela, nyuma ya soko,
Jumatatu, baada ya chai ya saa nne.

Mkwe wangu mheshimiwa, Mwalimu Wanyonyi,

MINT: OMBI LA KURUDISHIWA WATOTO KITENGELA

Kabla sijalalamika, nakusalimu. Habari ya Kimilili? Mahindi yameshika? Sisi hapa tuko wazima, kuku wanataga, na goti la Baba Nyakio limepoa kidogo. Siku ya mahari ulisema mbele ya wazee wote kwamba maneno mazito kati ya wakwe yasipitie kwa simu, yaandikwe. Sasa nimeandika. Nilisoma mpaka darasa la saba na nikapita vizuri, kwa hivyo ukiona mahali pamekosewa, ni kalamu.

Jambo lenyewe ni hili. Nyakio wangu, ambaye sasa ni Nyakio wetu, amebakisha wiki tatu ajifungue mtoto wake wa kwanza. Tangu waoane walikuwa wakikaa hapa Kitengela, mtaa wa pili kutoka kwangu, na Khisa wako akienda kufundisha Kajiado na kurudi. Januari akaamua wahamie Kajiado mjini, karibu na shule. Nikakubali. Lakini wewe mwenyewe ulitueleza kwamba kwenu mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake, hata mvua inyeshe ya mawe, na mimi ni mtu wa kuheshimu. Sasa nani atampikia Nyakio njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu mzazi lazima ale ili apate maziwa? Nani atamwosha mtoto? Nikitoka hapa asubuhi, nipite Isinya, nifike, nikoroge uji, tayari jua linaniambia nirudi.

Niliomba kwa adabu warudi. Kwa vile Khisa haongei nami moja kwa moja, kama desturi yenu inavyotaka, alimwambia Nyakio anijibu, na simu ilikuwa kwa spika, nikamsikia mwenyewe: “Mwambie mama kwamba Kajiado ndiyo makao makuu ya kaunti. Kitengela ni watu tu.”

Watu tu! Mwalimu, hilo neno limenikwama kooni kama mfupa wa tilapia. Ndiyo maana nalalamika kwa nambari, ili usiseme mama wa watu amepandwa na hasira.

1. Mji ni watu. Sensa ya serikali ilisema wazi kwamba Kitengela tuko zaidi ya laki moja na nusu, na Kajiado mjini ni elfu ishirini na kitu. Hiyo si mimi, ni serikali. Lakini serikali ilihesabu mwaka wa 2019, nikaona nihakikishe mwenyewe. Nilikaa kwa junction na punje za mahindi, kila mtu akipita natoa punje mfuko huu naweka mfuko ule. Saa moja haijaisha, punje mia sita na kumi na mbili zimekwisha na watu bado wanakuja. Siku niliyokwenda kumwona Nyakio nikafanya vivyo hivyo stagi ya Kajiado. Saa nzima, watu arobaini na watatu, na mmoja wao nilimhesabu mara mbili kwa sababu alirudi kuchukua mwavuli. Khisa, kwa vile anafundisha hesabu, akatuma ujumbe kupitia Nyakio kwamba wale wa Kitengela wengi wao walikuwa wanapita tu, wengine wakienda Namanga. Mimi niliwahesabu wakiwa Kitengela. Mtu ni wa pale alipo. Hiyo hesabu afundishe kesho.

2. Kuhusu makao makuu. Mwalimu, katika nyumba yangu kuna kabati. Ndani ya kabati kuna hati ya shamba, vyeti vya ubatizo, na ile picha ya Nyakio akipokea zawadi ya kwanza darasa la nane, ambapo wa pili alikuwa nyuma yake kama kutoka hapa mpaka Isinya. Hilo kabati ni muhimu sana. Lakini wewe ulipokuja na wazee wako, je, nilikukaribisha kabatini? Nilikuweka sebuleni, kwa kiti cha mikono, ukapewa mapaja mawili ya kuku. Basi Kajiado ni kabati la kaunti. Kitengela ni sebule. Hakuna mtu anayezalia kabatini.

3. Hii ya tatu ilikuwa nzito kabisa, nilikuwa nayo asubuhi nikilisha kuku. Nitaikumbuka.

4. Mtoto hujifunza maneno kutoka kwa watu. Hapa jirani yangu Mama Elsie ako na mtoto wa miaka miwili na nusu. Huyo mtoto anasalimia kwa Kikuyu, anaomba kwa Kiswahili, anamsalimia mama wa maziwa “supa” kwa Kimaasai vizuri kama amezaliwa naye, na juzi alimtukana Makau, fundi wa mabomba, kwa Kikamba, na Makau mwenyewe akasema matamshi hayakuwa na kasoro. Hizo lugha hakufundishwa na mtu, alizikuta mlangoni. Sasa mjukuu wetu huko Kajiado ataona watu wale wale saba kila siku, mpaka afikiri binadamu wameishia hapo. Siku utakapomwita Kimilili kwa Krismasi, akiona ukoo wako wote umejaa uani, atalia wiki nzima. Nakuonya mapema.

5. Najua utaniuliza, kama mwalimu, kwamba je, mimi na Baba Nyakio tulipohamia Kitengela kulikuwa na watu wangapi? Sitaficha. Kulikuwa na maduka mawili, kichinjio na vumbi. Lakini ukiniuliza kama mji ulikuwa wa maana wakati huo, nakujibu kwamba ulikuwa na maana, ila ulikuwa unangojea watu. Na wa kwanza kufika tulikuwa sisi. Kajiado ilikuwako zamani kutushinda na bado inangojea. Mtu akingoja hivyo miaka yote, hata stagi, watu humwambia aende nyumbani.

3. Nimeikumbuka. Ni ya usalama. Mahali penye watu wengi, mama akishikwa na uchungu, anapiga nduru moja na wanawake ishirini wanatokea, mmoja na maji moto, mmoja na leso, mmoja wa kuomba, na mmoja wa kusema kwamba wake ulikuwa mbaya zaidi. Nyakio alizaliwa hivyo. Huko kwa Khisa nilipiga chafya kubwa uani na hakuna aliyeniambia pole.

6. Baba Nyakio nilimsomea mpaka hapa akaniambia, “Mama Nyakio, kama ni wingi wa watu, Rongai inatushinda. Mtaa wao wa Kware peke yake huwezi kupitisha mkokoteni. Na India je? Mbona huwapeleki India?” Nilimwambia Rongai na India hazijaoa kwangu. Akarudi kwa gazeti lake. Nakuandikia hili ili ujue kwamba hoja ya upande wa pili nimeisikia na nimeijibu.

Kwa hivyo, Mwalimu, ombi langu kwako kama mzazi mwenzangu ni dogo. Mwandikie kijana wako amrudishe Nyakio Kitengela kabla ya hizo wiki tatu kuisha. Akisema kazi iko Kajiado, basi kazi nayo ihamishwe. Shule ni madawati, ubao na kengele, vitu vya lori moja, na wanafunzi wana miguu. Walimu wenzake watakuja kwa furaha, wakionja mayai ya hapa. Wakikataa, nitaomba makao makuu yenyewe ya kaunti yaje Kitengela, maana kama mji mkubwa ni ule wenye ofisi, ofisi zikifuata watu hapatakuwa na ugomvi tena. Kiwanja ninacho, pale kwa kuku. Kuku nitawasogeza. Na kama hilo pia ni gumu, basi chukueni watu laki moja wa hapa muwapeleke Kajiado ili ijae, na mimi niwe wa kwanza kwa orodha. Lakini nitalala wapi? Unaona tumerudi pale pale. Ni rahisi zaidi kumhamisha mwalimu mmoja wa hesabu.

Sitaki ufikiri namchukia Khisa. Huyo kijana ni mzuri. Ana heshima mpaka inachosha. Siku ile niliyokwenda, aliniona kwa dirisha akazunguka nyumba nzima asikutane nami, akaanguka kwa mtaro, na bado akiwa huko ndani akauliza kwa sauti kama nimepewa chai. Kijana kama huyo umelea wewe, na nakupongeza. Ila hata yeye, Nyakio akijifungua, atajua wapi pa kupashia maji moto? Hajui hata chumvi inakaa wapi. Nyakio akipiga simu sauti inakuwa ndogo, anasema yuko sawa, yuko sawa, mara tatu. Mtoto wangu tangu azaliwe akiwa sawa husema mara moja.

Nisalimie Mama Khisa, mwambie ule mtama aliotuletea umeota kwa uwanja wangu na kuku hawauwezi. Nisalimie mzee Wanjala, yule aliyeugua goti kama la Baba Nyakio, mwambie Baba Nyakio anamuuliza alitumia dawa gani. Salamu kwa wazee wote waliokuja siku ya mahari, hata yule aliyesema ugali wetu ulikuwa mwepesi.

Ni mimi mkwe wako, mwenye heshima nyingi na haraka kidogo,

Mama Nyakio (Bi. Mwihaki Kiama).

N.B. Barua nilikuwa nimeifunga, nimeifungua tena. Nyakio amejifungua leo asubuhi, wiki tatu mapema, msichana, ana nywele kama amevaa kofia. Khisa amenipigia simu yeye mwenyewe, akasahau desturi yote, akaniita mama na akalia. Amenitafutia chumba kwa jirani yao, mama mmoja anaitwa Adero. Ukuta ni mmoja na chumba cha Nyakio, lakini lango ni lingine, kwa hivyo nikilala huko sijalala kwake. Naenda sasa hivi na sufuria ya njahi. Baba Nyakio anabaki na kuku. Kitengela watu ni wengi, hakuna atakayejua nimetoka, lakini Kajiado wakiongezeka watu wawili kwa siku moja mji mzima utajua. Katika yale niliyoandika hapo juu, soma salamu peke yake.

Swali moja tu limebaki, Mwalimu. Kwenu, ukuta wa katikati huhesabiwa kuwa wa nyumba gani? Kama ni wa Adero, nijibu kupitia Kajiado. Kama ni wa Khisa, tuma jibu Kitengela, maana huko sitakuwapo.