Shujaa wa Chumba cha Damu

Jumatatu, 4 Machi
Bosi wa maabara ametangaza: chumba kipya cha watoto kinahitaji mtu wa kuwatoa damu ya vipimo. Nani kama mimi? Miaka kumi na moja nachoma watu sindano! Ila nesi wa dirisha la pili naye anakitaka. Huyo huacha mtoto apakatwe na mama yake, humpa povu la sabuni apulize, na humwambia wazi kwamba itauma kidogo. Itauma! Nani hutangaza biashara hivyo?

Alasiri akaja binti wa fundi cherehani, miaka saba. Bila kipimo cha kila wiki, daktari hajui ampe dawa kiasi gani. Nikamwambia haiumi hata chembe. Ikauma. Akanipiga teke, akaingia chini ya meza. Damu sifuri.

Jumanne, 5 Machi
Nimevaa kinyago cha simba. Mbinu ya kisasa! Binti akapiga yowe, wazee wawili waliokuwa foleni wakaenda zao. Mama yake akasema, kwa sauti ya kuchoka, kwamba kesho ikishindikana hamleti tena. Mtoto halali wala hali. Nesi akanitazama. Mwenye wivu ajinyonge. Lakini kusema kweli, kinyago nimekirudisha kabatini.

Jumatano, 6 Machi
Fikra ya karne! Nikamwambia binti aangalie mwanamume anavyochomwa. Nikakunja shati, nikamwomba nesi aanze na mimi. Alikubali upesi mno.

Sindano kukaribia, ukuta ukazunguka. Bosi, aliyekuwa mlangoni, akacheka, akasema mganga hajigangi. Binti akashuka mapajani mwa mama yake, akanishika mkono, akanipa kijiti cha povu alichopewa na nesi. Akasema itauma kidogo, anko, we puliza tu, na usiangalie huko, niangalie mimi. Nikamwangalia, nikapuliza, nikachomwa. Kisha akapanda tena kwa mama yake, akanyoosha mkono wake mwenyewe, huku akinihimiza nisiache kupuliza. Nesi akajaza kichupa. Hakuna chozi! La binti, yaani. Mama yake alilia, na mimi jasho liliniingia machoni.

Ijumaa, 8 Machi
Chumba kapewa nesi. Sawa, nina moyo mkubwa. Ila binti ametoa sharti: atakuja kila wiki mradi mimi niwepo, maana asipokuja nani atanishika mkono? Bosi amekubali. Maskini mtoto, anadhani niliogopa!

Nimeanza kuandika mhadhara kwa wafanyakazi wote. Jambo la kwanza: mtoto humwiga mtu mzima asiyetetemeka.