Shikamoo ya Mwaka Mzima

Jumatano, 5 Novemba 2003

Faudhia, najua unalisoma daftari hili kila ukija. Unadhani nimelala. Basi soma na hili: toka Idi ya mwaka jana hujakanyaga Korogwe. Mjukuu gani huyo? Au mabasi ya Dar es Salaam siku hizi yanakwenda tu, hayarudi? Nimekuwekea kanga sandukuni mpaka imepauka kwenye mikunjo. Shule mimi sikwenda, herufi nilizipata ukubwani kwenye ngumbaru, na bado nakuandikia kuliko unavyoniandikia wewe.

Mambo yenyewe ni haya. Yule Hayashi, Mjapani wa mpunga aliyepanga chumba changu cha uani, kabla hajarudi kwao alituandikisha kwenye mchezo wa kompyuta, mimi na Nairesiae, anayeuzia maziwa barazani kwangu. Mchezo wa kubashiri mieleka ya kwao, ya wale wanaume wanene wenye nguo ndogo. Mara sita kwa mwaka unachagua majina manane kabla mashindano hayajaanza. Wakishinda, unapata pointi. Wanacheza watu wa dunia nzima. Haya ya Novemba ndiyo ya mwisho, kisha yanatoka matokeo ya mwaka.

Dunia siitaki. Namtaka Nairesiae. Miaka yote hatujui nani mkubwa. Mimi nilizaliwa mwaka wa nzige. Yeye anasema mwaka wa nzige alikuwa anachunga ndama. Uongo mtupu. Basi tukikutana tunatazamana, kila mmoja anangoja shikamoo ya mwenzake, mpaka maziwa yanaganda. Januari tukakubaliana: atakayekuwa chini mwisho wa mwaka, atamwamkia mwenzake mwaka mzima unaofuata.

Mimi niko juu. Kwa pointi tatu.

Alhamisi, 6 Novemba

Kwa Mustafa, mwenye intaneti. Lile duka la ushirika tulilokuwa tunapangia foleni ya sukari, sasa lina kompyuta tatu na feni. Nimechagua majina yangu. Mimi natazama sura: nani alilelewa vizuri na mama yake. Mmoja ana macho ya marehemu babu yako. Mustafa kaniuliza kama nina hakika, maana goti la mtu huyo limefungwa bendeji. Nikamwambia aandike, yeye si mganga.

Nairesiae anachagua kama ananunua fahali. Nyonga na shingo. Septemba alichagua nyonga tupu, zote zikaanguka. Nilifurahi wiki nzima.

Ijumaa, 7 Novemba

Nairesiae kashuka na maziwa yake kutoka Mkata. Kamuuliza Mustafa mlango wa mchezo unafungwa lini. Mustafa katazama kioo cha kompyuta, kaona mbili ya mchana ya Kizungu, kahesabu kama walivyomfundisha shuleni, kasema Jumapili saa nane mchana.

Kosa. Hiyo ni saa ya Japani. Hayashi hakuwahi kugusa saa yake ya mkononi tangu ashuke kwenye ndege. Mshale wake ukisimama kwenye mbili, sisi huku tunasema saa mbili. Wanahesabu kama sisi, watu wenye akili. Mlango unafungwa saa mbili asubuhi.

Nairesiae akanigeukia, nihakikishe. Ni Ramadhani, nimefunga, uongo unaharibu saumu. Kwa hiyo sikusema uongo. Nilishika koo, kama limenikauka, nikamnyoshea kidole Mustafa. Muulize msomi.

Saumu yangu ni nzima. Nimejichunguza.

Jumapili, 9 Novemba

Nairesiae katokea saa nne. Mlango umefungwa. Kamsema Mustafa kwa Kimasai, kisha kwa Kiswahili ili aelewe: kwamba ana kompyuta tatu na hana saa hata moja. Mustafa kamtuliza, kwamba asiyeleta majina anawekewa yale yale ya mashindano yaliyopita.

Zile nyonga za Septemba. Niligeukia ukutani nikacheka.

Kisha nikamzuia asirudi. Alikuwa hajala kitu tangu alfajiri, naye hata hafungi. Nikampikia uji, nikampa kitanda, mimi nikachukua mkeka. Kumshinda nitamshinda. Kusafiri na njaa kutoka kwangu, hapana.

Jumatano, 12 Novemba

Yule mwenye macho ya babu yako katoka mashindanoni. Goti. Babu yako naye alikuwa hivyo hivyo, hakuna shamba alilolifikisha mwisho.

Nyonga za Nairesiae zimeamka. Mustafa anasema zinashinda kila siku. Nimemwambia azime feni, inaniumiza kichwa.

Jumatatu, 24 Novemba

Matokeo ya mwaka. Wa kwanza mtu wa Finilandi. Sijui huko watu hawana mashamba. Nairesiae wa mia na kumi. Mimi wa mia na kumi na moja.

Mustafa kauliza kama nataka anichapie karatasi ya kumbukumbu. Nikamwambia akamchapie mkewe.

Alhamisi, 27 Novemba

Idi imepita, hukuja.

Kaja Nairesiae, na kibuyu cha maziwa. Nikajifungia chooni. Akangoja. Aliyekua nyuma ya ng'ombe anajua kungoja. Nikatoka, nikasema habari za Mkata. Kimya. Nikasema za watoto. Kimya. Wateja wake wamejaa barazani. Nikasema shikamoo, katikati ya kikohozi. Akasema hakusikia, kwamba masikio yake yamezeeka, yametangulia kuja duniani kuliko yangu. Nikarudia.

Kajibu kwa kinywa kizima: "Marahaba, Mwaija mwanangu. Umekua."

Wateja walipoondoka kanimiminia maziwa, kanieleza. Ile Jumapili alikuwa anakuja kuandika majina yale yale niliyochagua mimi, yote manane, asinipite. Kachoka kutazamana. Alitaka mwaka uishe nikiwa juu, aniamkie, yaishe, maana kila akikwama mjini mimi ndiye ninayemlaza. Mustafa ndiye aliyemharibia, kasema.

Nikasema Mustafa ni mzembe sana.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimefikiri tangu asubuhi. Kosa langu nimeliona. Nilichagua. Nairesiae hakuchagua, akashinda. Basi Januari nachelewa makusudi, niwekewe majina yangu yale yale ya Novemba. Goti la yule wa babu yako litakuwa limepona. Nairesiae nitamwambia saa ya kweli kabisa, aende mapema, ajichagulie, ajiharibie mwenyewe. Na kusema kweli ni thawabu.

Wewe ukija Idi ya kuchinja, usipite barazani. Nairesiae hukaa pale, na siku hizi anaitikia kila shikamoo inayoingia. Zunguka mlango wa jikoni, uniamkie mimi kwanza, kwa sauti, asikie.