Ziwa Lenye Jina Langu

Jumatano, 12 Julai

Tumefika kibanda cha kwanza. Niko hai. Mabega sina uhakika nayo.

Tuko wanafunzi tisa wa mwaka wa pili, upimaji ardhi. Yuko Mhadhiri wetu, na mama mmoja mwongozaji anayepanda mlima mikono ameifunga nyuma, kama anayekagua shamba lake. Kazi yetu ni kusahihisha ramani ya zamani ya safu hii ya milima. Ikishasahihishwa itatundikwa kwenye ujia wa idara, jirani na mlango wa Mkuu. Kila mtu ataipita kila siku, hata wafagiaji.

Asubuhi tuligawana mizigo. Nilikuwa na mpango. Niliwahi kunyoosha mkono kabla ya wote: mimi nitabeba ramani! Karatasi! Nani amewahi kuvunjika mgongo kwa karatasi? Mhadhiri akanisifu kwa moyo wa kujitolea. Kisha akaniletea ramani. Imo ndani ya bomba la chuma, refu kama mtoto wa darasa la tatu, lenye kifuniko cha chuma, isije ikalowa.

Kamusi alipewa sufuria mbili tupu. (Kamusi ni msichana wa dawati la mbele. Ukisema neno, yeye ana maana yake.) Alinipita kwenye mwinuko wa pili huku anaimba, sufuria zikigongana mgongoni kama kengele. Akaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Nikamwambia nimesimama kutazama mandhari. Uso wangu ulikuwa umeelekea kwenye jiwe.

Kibanda ni cha mabati, vitanda vya mbao vya ghorofa, dirisha moja. Nimelala chini, juu yangu binamu yangu, Usingizi, ambaye tayari anathibitisha jina lake. Ukungu unapita mlangoni taratibu, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Hapa hata kelele zimevaa soksi. Nadhani mimi ni mtu wa milimani. Nadhani nilizaliwa mahali pasipo pangu.


Alhamisi, 13 Julai

ZIWA!

Niliamka kabla ya wote kwa sababu ya baridi. Nikatoka nje. Ng'ambo ya pili, chini ya ukingo, katikati ya vilele vitatu, lilikuwapo. Jeupe, la fedha, limetulia tuli. Kingo zake zimeingia kwenye kila kona ya bonde. Nilisimama nimejifunga blanketi, nikasahau miguu yangu, nikasahau hata kwamba nina njaa. Nikafungua ramani. Mahali pale hapana kitu. Weupe mtupu wa karatasi!

Mwongozaji alikuwa anachochea moto. Nikajikausha, nikamwendea kama mtu asiye na hili wala lile. Nayaandika maneno yetu yalivyokuwa, kwa faida ya wanahistoria.

"Mama, lile kule chini linaitwaje?"

"Lile? Halina jina."

"Lipo siku zote?"

"Asubuhi lipo. Jua likiwaka sana linapungua."

Hilo linaeleweka. Maji kupungua kwa sababu ya jua tulikusoma mwaka wa kwanza.

"Ni kubwa?"

"Likitulia vizuri hujaza bonde lote. Sogea, mwanangu, unanizibia moto."

Nikatangaza wakati wa chai. Wote wakakimbilia ukingoni. Bahati mbaya ukungu ulikuwa umeshapanda, wala hatukuona hata vidole vyetu. Mhadhiri akatazama ramani, akanitazama mimi, akatazama kikombe chake. Akasema kama lipo, tutashuka Jumamosi tulipime, na kama lipo, litapewa jina kwa kura. Alisema "kama lipo" mara mbili. Ni mtaalamu, lazima ajihadhari.

Nikapendekeza jina langu. Kisha Kamusi akapendekeza jina la bibi yake.

Mshenzi. Hata ziwa lenyewe hajaliona!


Ijumaa, 14 Julai

Kampeni.

Wapiga kura ni tisa. Nimejipa mimi mwenyewe, imebaki kupata wanne. Leo nimebeba, pamoja na bomba la chuma: begi la mpiga picha wetu, miguu mitatu ya kifaa cha kupimia, na viatu vya akiba vya mtu ambaye hata simjui vizuri. Nimeazimisha soksi zangu kavu. Nimecheka vichekesho vya watu watatu. Tulipofika mwinuko wa mwisho nilikuwa natembea nimeinama kiasi kwamba niliwafahamu siafu kwa sura.

Kamusi hakubeba chochote cha mtu. Tulipopumzika alikaa tu, akawaeleza habari za bibi yake: alivyomlea tangu akiwa mtoto mchanga, alivyokuwa akimwosha miguu kila jioni akitoka shule, na kumwuliza leo miguu hii imeona nini. Alifariki mwaka jana. Mpiga picha akafuta macho kwa soksi. Soksi yangu!

Nami nikaona nieleze habari za bibi yangu. Nilianza vizuri, sauti imetulia, nikafika mahali anapofariki. Usingizi akafungua jicho moja akauliza bibi yupi huyo, maana wote wawili wako hai, na mmoja alimpigia simu Jumanne kuuliza kama mimi bado ni mvivu.

Ndugu wa damu! Nusura nimsukume mteremkoni.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nyumbani tumezaliwa wanne, mimi wa mwisho. Mama akitaka kuniita huanza na kaka mkubwa, hupitia kwa dada, hupitia kwa kaka mdogo, siku nyingine hupitia hata kwa paka, ndipo anifikie. Mpaka hapo chai imepoa. Hana nia mbaya, ni kazi nyingi. Lakini ziwa halichanganywi na kaka yake. Ziwa likiandikwa, limeandikwa.

Hesabu ya jioni: wanne kwangu, wanne kwa Kamusi. Amebaki Usingizi. Nilimwuliza anataka nini. Akasema blanketi langu. Nimempa. Natetemeka ninapoandika, lakini kwa ushindi.

Kibanda cha pili kiko juu kabisa ya ziwa, ingawa ukungu bado umelifunika. Nimesogea ukingoni nikasikiliza. Kuna sauti ya maji mahali fulani, ya mbali, kama mtu anayenong'ona kwenye chumba cha pili. Linajua niko hapa.


Jumamosi, 15 Julai

Nitaeleza kwa utaratibu.

Mpango ulikuwa huu: niwatangulie, nisimike kibao ufukweni chenye jina langu, ili wakifika wakute jambo limekwisha. Nani ana moyo wa kung'oa kibao? Nilichomoa mbao moja ya kitanda changu, nikaandika jina kwa mkaa, herufi kubwa. Kulipokucha nikatoka. Lilikuwapo! Chini yangu, jeupe, limejaa bonde hadi ukingoni, jua limeanza kuligusa kwa rangi ya waridi. Nilitaka kulia.

Nikashuka. Karibu na maji nikavua viatu nisivilowanishe, nikaviweka juu ya jiwe la ufukweni. Nikakunja suruali hadi magotini. Nikakumbatia kibao, nikaingia ziwani.

Baridi ilinipanda miguuni. Nikapiga hatua. Hatua nyingine. Weupe ukanifika kiunoni, ukanifika kifuani, ukanipita kichwani, na bado nikawa napumua. Nilifikiri: ajabu. Nilifikiri labda maji yako mbele kidogo. Nyasi zilikuwa laini, zimelowa, zikinishika vidole kimoja kimoja. Nikaendelea kutafuta maji. Hapakuwa na juu wala chini. Mkono wangu nikiunyoosha ulikuwa wa mtu mwingine. Sijui nilitembea kwa muda gani. Kuna wakati niliona mti, nikausalimu, kumbe ni jiwe. Sauti ya maji ilinong'ona kulia, nikiifuata inanong'ona kushoto. Sikuogopa mwanzoni. Nilijihisi kama nimeingia kwenye usingizi wa mtu mwingine na yeye hajanigundua bado.

Kisha nikaogopa. Nilitaka kurudi kwenye viatu, nikagundua kwamba sijui viatu viko wapi, na kwamba mbele na nyuma zinafanana. Miguu haikuwa na hisia. Nikakaa juu ya kibao. Jina langu lilikuwa baridi sana.

Hapo nikasikia naitwa. Kwa jina langu. Hakuanza na la kaka wala la dada wala la paka: langu, peke yake, tena na tena, kutoka juu, likigonga vilele na kurudi, mlima mzima ukinitaja. Nikaitika mpaka koo likaniuma. Mwitaji hakuchoka. Nilisimama nikaifuata sauti ile, nikiitika, naye akiita.

Ukungu ukapasuka. Mara moja tu, kama mtu aliyevuta pazia. Na mimi nikajikuta nimesimama katikati ya uwanja wa nyasi tupu, mpana, suruali magotini, nimekumbatia mbao ya kitanda. Juu ukingoni, wanafunzi wenzangu saba wamejipanga wananitazama.

Walicheka. Wacha wacheke! Usingizi alicheka hadi akalala chini, ingawa yeye hahitaji sababu kubwa ya kulala. Alikuwa amejifunga blanketi langu.

Kamusi hakuwa pamoja nao. Alikuwa hatua thelathini kutoka kwangu, ameshika viatu vyangu. Ndiye aliyekuwa akiita. Alipofungua kinywa aseme neno, sauti haikutoka, ilikuwa imekwisha kabisa. Akanivalisha koti lake. Akapiga magoti akanisugua miguu kwa skafu yake mpaka vidole vikaanza kuuma.

Mwongozaji alishuka polepole, mikono nyuma. Nikamwambia, kwa heshima lakini kwa uchungu, kwamba alinihakikishia kuna ziwa.

"Ziwa gani, mwanangu? Mimi nilikuwa nasema wingu. Wewe ulikuwa unasema nini?"

Lile, na lile. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaja kitu chenyewe! Lugha hii itakuja kuniua.

Mhadhiri hakunigombeza mbele za watu. Aliniita pembeni akanigombeza huko. Alisema alijua tangu Alhamisi kwamba ni wingu, akataka nijionee mwenyewe kwa kipimo, hakujua kwamba nitakwenda kupima kwa kichwa, peke yangu, bila viatu. Halafu akaninywesha chai, akashika kikombe mwenyewe.


Jumapili, 16 Julai

Niko kwenye basi. Miguu ni mizima. Nina mafua.

Kabla ya kushuka Mhadhiri alitukusanya mlangoni pa kibanda. Akasema ziwa hakuna, lakini bonde lipo, limepimwa jana mchana, nalo halimo kwenye ramani ya zamani. Litahitaji jina. Nani anapendekeza?

Kamusi akasimama. Sauti bado haijarudi, akaandika kwenye karatasi, Usingizi akasoma. Lilikuwa jina langu. Ameandika kwamba mimi ndiye wa kwanza kukanyaga pale, tena peku, na kwamba mtu aliyelipenda bonde kiasi kile kabla hajajua ni nini, ndiye anayestahili kulipatia jina lake.

Mikono ikapanda. Yote. Hata wa Usingizi, na blanketi hakuomba.

Nilimwona Mkuu anapita kwenye ujia, anasimama, anasoma. Nilimwona Mama ameletwa na mtu mbele ya ukuta ule. Nikatazama bonde kule chini. Jua lilikuwa juu ya nyasi zote, na kivuli kimoja kidogo kinapita polepole. Palikuwa pazuri mno.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Nyasi! Jina la mtu linaandikwa kwenye ramani mara moja. Nikilimaliza kwenye nyasi, siku ya ziwa la kweli nitatumia nini?

Nikainuka. Nikasema, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba siwezi kulipokea, na kwamba bonde lipewe jina la bibi yake Kamusi, aliyeuliza miguu imeona nini.

Kisha Kamusi akaanza kulia, bila sauti, akaja akanishika mikono yote miwili, wala hakuiachia upesi. Mpiga picha akalia. Mhadhiri akavua miwani, akasema katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona mwanafunzi aliyekua hivi kwa siku tano. Usingizi alinirudishia blanketi. Mwongozaji peke yake alinitazama kwa muda, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama anayetazama hali ya hewa.

Wamenipa kiti cha mbele, jirani na dereva, kwa heshima. Dereva ni mzee mwenye maneno. Anasema muhula uliopita aliwapeleka wa mwaka wa tatu kwenye ile nyika kavu ya mashariki, tutakakokwenda na sisi mwakani. Nikamwuliza kuna nini huko. Hakuna kitu, akasema, mchanga na miiba. Isipokuwa adhuhuri. Adhuhuri, jua likiwa utosini, mbele yako kuna maji yanang'aa, mapana, mwanangu, mpaka macho yanauma. Na ukiendesha gari kuyafuata, hayafikiki.

Nikamwuliza kama kuna mpimaji aliyewahi kuyaweka kwenye ramani. Akacheka, akasema hajasikia.

Hajasikia! Nimefunga macho ili uso usinisaliti. Nimekwisha andika orodha: kofia, viatu vya mpira, mtumbwi mdogo wa kukunja. Kamusi amesinzia kiti cha nyuma yangu. Nisimwambie chochote.