Kipimo cha Stadi Laini

Meneja hakuwahi kusimamia kitu chochote maishani, hata kochi alilolalia halikuwa lake. Lilikuwa la dada yake, fundi cherehani, aliyempa hifadhi ya wiki moja, na wiki hiyo sasa ilikuwa imetimiza miezi kumi na minne. Cheo cha umeneja alijipa mwenyewe. Watu wa mtaani wakakizoea, kama walivyozoea shimo la barabarani.

Asubuhi moja alizinduka na kumkuta dada yake amemwinamia na futi ya kupimia, anapima kochi kuanzia miguuni pake hadi kichwani.

"Dada, unanishonea suti?"

"Napima nafasi," dada alisema, pini zikiwa midomoni. "Mwisho wa mwezi kochi linatoka. Hapa inaingia cherehani ya pili."

"Na mimi?"

"Wewe una miguu."

Meneja akavaa tai, maana mtu aliyefukuzwa huku amevaa tai huonekana anawahi kikao, akaenda kunywa chai kwenye mgahawa ambamo wenye mali hupenda kuzungumzia mali zao kwa sauti. Hakukaa sana. Meza ya pili, mzee mnene mwenye kiwanda cha magodoro alikuwa anafoka kwenye simu.

"Sitaki matangazo ya kupiga kelele! Kila mtu anapiga kelele! Nataka watu waandikiwe kitu cha maana kuhusu usingizi, kuhusu migongo yao, wasome wenyewe kwenye simu zao, waniamini, halafu ndiyo waje dukani. Natafuta timu ya kazi hiyo, siyo mpiga tarumbeta!"

Alipokata simu, Meneja alishakaa kwenye kiti cha mbele yake.

"Shikamoo mzee. Samahani kuingilia. Hiyo timu unayoitafuta ni yangu."

"Marahaba. Una watu wangapi?"

"Wanne. Mwandishi, mhariri, mchora picha, na wa kuwajibu wateja mtandaoni. Nimewalea mwenyewe."

Kwa saa ile timu ilikuwa yeye na kijiko cha sukari. Lakini Meneja hakupenda kumchosha mtu mzima kwa mambo madogomadogo.

Mzee wa Magodoro akamtazama tai, akamtazama kiatu, akasema, "Niletee kazi za wiki mbili. Zikinipendeza, mkataba wa mwaka mzima, na ofisi juu ya duka langu. Vyumba viwili, choo ndani, ufunguo wako mwenyewe."

Meneja alisikia neno moja tu katika yote hayo. Ufunguo! Tangu azaliwe hakuwahi kuwa na ufunguo wa mlango wowote. Alirudi nyumbani anatembea kama mwenye nyumba.

Sasa ikabaki kazi ndogo ya kuipata timu. Akafungua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akatafuta watu wa kazi hiyo wanatakiwa wawe na nini. Akakuta orodha ndefu ya kinachoitwa stadi laini: kusikiliza, kushirikiana, kutunza muda, udadisi, kujiweka katika nafasi ya msomaji, kupokea kukosolewa bila kununa. Mwanzoni alipiga miayo. Katikati ya mwayo wa tatu akaketi wima. Ujuzi wa kompyuta una cheti, na cheti mtu anaweza kukutolea. Lakini usikivu una mhuri wa nani? Uvumilivu unasomewa chuo gani? Anayejua kama unao ni yule anayekupima tu, na anayekupima anaweza kukupima wiki mbili bure, akachukua kazi uliyofanya, kisha akakwambia kwa huruma kwamba hukufika. Ukilalamika, basi umethibitisha mwenyewe. Meneja nusura alie kwa uzuri wa jambo hili. Alishawahi kuuza simu za udongo na viwanja vya baharini, lakini hakuwahi kukutana na ulaghai ambao aliyelaghaiwa ndiye anayeomba radhi.

Tangazo likatoka. Usaili ukafanyika katika chumba cha mbele cha dada yake, kati ya magauni ya wateja yaliyoning'inia. Waombaji walipotoa vyeti, Meneja alivisukuma kando kwa kidole kimoja.

"Hapa hatusomi karatasi. Tunasoma mtu."

Akachagua wanne. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mama wa makamo aliyesahihisha insha miaka ishirini mpaka shule yake ikafungwa. Huyo akawa mhariri. Wa pili Mtangazaji, kijana ambaye redio yake ilizimika na mshahara wake ndani. Huyo akaandika. Wa tatu Mchoraji, aliyezoea kuandika mabango ya maduka kwa brashi. Wa nne alikuwa mwanamke mmoja aliyepokea malalamiko ya wateja kwa simu katika kampuni ya maji kwa miaka sita, ambaye katika usaili mzima alisema "ndiyo" mara mbili na "sawa" mara moja. Wakamwita Bi Kimya.

Kabla ya yote aliwapa fomu ya kusaini. *Mimi fulani nakubali kupimwa stadi laini kwa wiki mbili bila malipo. Uamuzi wa mpimaji haupingwi.* Wakasaini. Watu wenye njaa huwa na mwandiko mzuri sana.

Siku ya kwanza Meneja aliwafundisha kusikiliza. Aliongea saa mbili na nusu bila kumpa mtu nafasi. Siku ya pili ilikuwa ushirikiano, na kwa kuwa yeye ni mtu wa vitendo, aliwaachia wao kazi yote washirikiane. Siku ya tatu Mchoraji alinyoosha mkono.

"Kiongozi, samahani. Malipo yanaanza lini?"

Meneja akafumba macho kama mtu aliyepigwa mshale. Akafungua daftari, akatikisa kichwa, akaandika huku anasoma kwa sauti.

"Uvumilivu: tatu juu ya kumi."

Mchoraji akashusha mkono. Wengine watatu wakatazama sakafu. Kwenye kona, cherehani ya dada ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Na kubwa kuliko yote ni udadisi," Meneja aliendelea, maana alipoanza kunogewa hakujua kunyamaza. "Mteja wetu nimemficha makusudi, nijue nani mbunifu. Ninyi jueni tu kwamba tunaandika habari za usingizi. Msikae hapa mkingoja niwatafunie. Tokeni! Mfuateni msomaji huko aliko, mumsikilize anapougulia mgongo wake!"

Aliipenda sana sentensi hiyo. Aliirudia mbele ya kioo.

Kazi zikaanza kutoka, na lisemwe lililo kweli, zilikuwa kazi. Mtangazaji aliandika makala iitwayo "Mgongo Wako Unakuambia Nini Asubuhi", Mwalimu akaichuja mpaka ikabaki nyama tupu, Mchoraji akachora mtu aliyelala amejikunja kama ndoano. Meneja aliongeza kitu kimoja tu, jina lake, na kuipeleka kwa Mzee wa Magodoro. Mzee alisoma akashika kiuno chake mwenyewe. Nyingine zikafuata, kila moja kwa siku yake, hakuna iliyochelewa hata kwa saa. Wiki ya pili walichapa kazi zaidi ya wiki ya kwanza, wakitabasamu, na Meneja akaanza kuamini kwamba kweli amewafundisha.

Siku ya kumi na nne akawaita, akakunja uso wa msibani.

"Ndugu zangu, hakuna aliyefaulu. Mwalimu, una ukali. Mtangazaji, una haraka. Mchoraji, wewe unajijua. Bi Kimya, hushiriki mazungumzo. Niamini, nimeumia kuliko ninyi."

Akangoja kelele. Hazikuja. Mwalimu alisimama, akasema, "Asante kwa maoni." Mtangazaji akasema, "Asante kwa maoni." Mchoraji naye vilevile, kwa upole wa kutisha. Bi Kimya alikuja mwisho, akampa mkono.

"Uamuzi wa mpimaji haupingwi, si ndiyo?"

"Haupingwi, dada yangu."

"Sawa," alisema Bi Kimya.

Meneja alibaki amesimama kati ya magauni, macho yamemlowa kidogo. Ni raha kuwatapeli watu waungwana.

Kesho yake alinyoosha tai, akaenda kuchukua ufunguo. Duka la magodoro lilikuwa na watu. Ukutani, kwenye fremu ya kioo, ilining'inia makala ya mgongo, na jina lake limekaa chini yake. Alilitazama kwa mapenzi. Akapanda ngazi, akasukuma mlango wa ofisi yake, na ndani akawakuta Mwalimu, Mtangazaji, Mchoraji na Bi Kimya wanakunywa chai pamoja na Mzee wa Magodoro. Ufunguo ulikuwa katikati ya meza.

"Karibu," Mzee alisema. "Tulikuwa tunakutaja."

Meneja alitabasamu kwa meno yote. "Mzee, nilitaka nikufanyie mshangao. Hii ndiyo timu!"

"Naijua. Tumejuana siku ya tano." Mzee akamwelekezea kidole Bi Kimya. "Huyu alikuja hapa dukani, akakaa pembeni saa nzima akisikiliza wateja wangu wanavyolalamika. Nikamuuliza, mama, unatafuta godoro gani? Akaniambia, kiongozi wangu amesema tumfuate msomaji aliko. Kisha akaiona ile fremu."

"Nilimsomea mzee mstari wa pili bila kuitazama," Bi Kimya alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote mpaka siku hiyo. "Halafu nikamwomba tumalizie tu wiki mbili. Tulikuwa tumesaini."

Lakini mdomo ulikuwa mali pekee ya Meneja, na hakuwa tayari kuuacha ufe.

"Mzee wangu, nakuonea huruma. Hawa nimewapima. Wamefeli! Huyu hapa," akamnyooshea Mchoraji, "uvumilivu ana tatu juu ya kumi!"

"Wamekufanyia kazi siku tisa huku wanajua unawaibia," Mzee alisema. "Ulitaka uvumilivu wa aina gani tena? Mkataba nimewapa wao."

Meneja aliutazama ule ufunguo. Aliona vyumba viwili, choo ndani, mlango anaoufunga yeye. Akaona na futi ya dada. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika hadithi hii, alisema jambo la kweli.

"Mimi sina pa kulala."

Mwalimu akashusha kikombe. Wakatazamana wote wanne, na Bi Kimya akavuta karatasi kutoka kwenye mkoba.

"Hatuna kinyongo. Timu inahitaji kiongozi, na chumba cha nyuma kipo wazi. Ila lazima mtu apimwe."

Ilikuwa fomu ile ile, mwandiko wake mwenyewe, na nafasi ya jina ilikuwa tupu. Meneja alisaini. Mtu akishautamani ufunguo hasomi mara mbili, hata alichokiandika yeye.

Wakampeleka kwenye udadisi moja kwa moja. Kwa wiki mbili alibeba magodoro kichwani mpaka kwa wateja, akawatandikia, akawauliza walikuwa wanalalaje, akaandika majibu kwenye daftari lile lile alilowafelishia wenzake. Bibi mmoja alimweka saa tatu akimsimulia kitanda alicholalia marehemu mumewe, upande upi ulibonyea, na kwa nini hataki godoro jipya lisilo na upande. Meneja alitaka kumkatiza mara nne. Hakumkatiza. Alipotoka pale alijipapasa mifuko kama mtu aliyeibiwa, na hakujua amdai nani. Maelezo yake ya siku hiyo Mwalimu aliyasoma, hakusahihisha neno, akampa Mtangazaji aandike makala. Makala ikapendwa kuliko zote. Chini yake jina la Meneja halikuwepo.

Siku ya kumi na nne, ambayo ilikuwa pia mwisho wa mwezi, alifika mapema, amefua tai. Bi Kimya alifungua daftari.

"Ndugu yetu," alisema, "umejitahidi sana. Lakini hukufika. Niamini, nimeumia kuliko wewe."

Safari hii Meneja alikuwa amefaulu kweli! Alijua, na wao walijua. Akafungua mdomo, maneno yamejaa mpaka kwenye fizi. Mwalimu akainua kalamu nyekundu, akaiweka juu ya mstari ulioandikwa *kupokea kukosolewa*, akangoja.

Meneja akafunga mdomo. Akameza.

"Asante kwa maoni," alisema.

Alifika nyumbani mikono mitupu. Kochi halikuwepo. Mahali pake palikuwa na cherehani mpya, na dada yake ameiinamia, anashona foronya nyeupe, rundo refu limepanda mpaka dirishani.

"Za duka la magodoro," dada alisema kabla hajaulizwa. "Wale wageni wako wanne ni watu wazuri. Wamenipa oda."

Meneja akakaa sakafuni. Dada akatoa pini mdomoni moja moja.

"Foronya zote hizi zinataka kupigwa pasi. Ukitaka, utalala hapo chini ya meza ya kukatia vitambaa. Wiki mbili kwanza. Nikuone."

"Na malipo, dada?"

Dada akafumba macho kama mtu aliyepigwa mshale. Akachukua chaki ya kukatia, akatikisa kichwa, akaandika kwenye ubao wa meza huku anasoma kwa sauti.

"Uvumilivu: tatu juu ya kumi."